Maswali Yenu: Wanyama katika Ushamani wa Wasaami wa Leo

Katika toleo lililopita tulichapisha habari ya ngoma ya Anders Poulsen, mzee wa Kisaami ambaye kwao alijulikana kwa jina la Poala-Ánde. Mzee huyo alinyang'anywa ngoma yake mwaka 1691, akashtakiwa kwa uchawi katika mji wa Vadsø, naye akauawa mwaka 1692 kabla hukumu haijatolewa. Ngoma ilichukuliwa ikapelekwa Denmark. Jumba la makumbusho la Wasaami huko Karasjok, kaskazini mwa Norwei, lilipewa kwa kuazima mwaka 1979, na mwaka 2022 likakabidhiwa rasmi kuwa mali yao. Tulieleza kwamba juu ya ngozi yake kumechorwa miungu, watu na wanyama, na hao wanyama ndio walioamsha maswali ya wasomaji wetu wa Mombasa na vitongoji vyake juu ya ushamani, yaani njia ya kupiga ngoma ili kukutana na roho. Nimechagua barua saba, na zile zilizouliza jambo lilelile nimezijibu ndani ya hizi.

Mwanafunzi wa chuo, Tudor: Assalamu alaikum, mhariri. Nasikia hadi leo wako Wasaami wanaopiga ngoma na kusema kwamba wanaongozwa na wanyama. Je, hawa wa leo wanaendeleza mambo yaleyale ya mababu zao, au ni jambo jipya kabisa?

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Wasaami ni wenyeji wa asili wa nchi wanayoiita Sápmi, inayoanzia katikati ya Norwei na Uswidi, ikapita kaskazini mwa Ufini hadi rasi ya Kola nchini Urusi. Wengi wao leo ni walimu, wauguzi, wavuvi na makarani kama watu wengine wa nchi hizo, na ni sehemu ndogo tu inayoishi kwa kufuga kulungu wa kaskazini, yule mnyama mwenye manyoya mazito na pembe za matawi, ambaye hata jike lake huota pembe.

Katika dini yao ya kale palikuwa na mtaalamu aliyeitwa noaidi, aliyepiga ngoma ili ajue mambo yaliyofichika, atibu wagonjwa, au asafiri kwa nafsi yake hadi kwenye makao ya wafu kumrudisha mtu aliyekuwa anataka kukata roho. Hakusafiri peke yake. Maandishi ya wamisionari wa mwanzoni mwa karne ya 18, hasa yale yaliyoandikwa kusini mwa Sápmi, yanawataja wasaidizi watatu, nao ni ndege, samaki na kulungu dume. Ndege alimwonyesha njia na kumpelekea habari. Samaki, au pengine nyoka, alimshusha kwa wafu na kumlinda akiwa huko. Kulungu dume alikuwa wa vita, kwa maana wanoaidi wawili waliohasimiana waliwatuma madume yao wapigane, na dume lililovunjika pembe au kuumia mguu lilimwachia mwenyewe maradhi yaleyale nyumbani kwake, na likishindwa kabisa, hata mauti yaliweza kumfika.

Naomba uliweke moyoni jambo hilo la maradhi, kwa sababu ndilo linalotenganisha zamani na sasa. Mnyama wa noaidi alikuwa na gharama. Alirithiwa au alipatikana kwa shida, alidai kutunzwa, na udhaifu wake ulimwingia bwana wake mwilini.

Mambo hayo yalikatwa kwa nguvu. Huko Arjeplog, Uswidi, mwaka 1693, mzee Lars Nilsson alichomwa moto pamoja na ngoma yake na sanamu zake za mti. Ngoma nyingi alizozikusanya mmisionari Thomas von Westen ziliteketea katika moto mkubwa wa Copenhagen mwaka 1728, na leo ngoma za kale zilizobaki duniani ni takriban 70 tu. Mtu aliyefungua tena mlango huo hadharani ni Ailo Gaup, mwandishi na mshairi aliyezaliwa Finnmark mwaka 1944 na kufariki mwaka 2014, ambaye alilelewa kusini mwa Norwei mbali na watu wake. Katika miaka ya 1980 alikwenda California kujifunza kwa Michael Harner, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekuwa amekaa na watu wa msitu wa Amazon, kisha akarudi kwao na kuwafundisha wengine. Kwa hiyo njia ya kuirudia ngoma ya Kisaami ilipitia California, na hilo limeacha alama yake kwa wanyama pia, kama nitakavyoeleza nikimjibu dada wa hoteli hapa chini.

Je, basi ni jambo jipya? Umbo lake ni jipya. Lakini ujuzi wa mnyama mwenyewe haukukatika. Ulibaki kwa wafugaji na wawindaji, na ulibaki katika uimbaji wao wa joik, ambao wenyewe husema hauimbi habari za mbwamwitu bali humwimba mbwamwitu mwenyewe hadi awepo pale pale katika sauti, kwa mwendo wake na kishindo chake. Makanisa mengi yaliuona uimbaji huo kuwa dhambi, na bado watu waliufundisha watoto wao. Mimi nikitafuta uzi usiokatika baina ya Wasaami wa kale na wa leo, naanza hapo kabla ya kutazama ngoma.

Mpiga matari wa maulidi, Mji wa Kale: Picha ya ile ngoma imenishangaza kwa jinsi ilivyofanana na tari. Ngozi yake ni ya nini, na ile michoro ni rangi gani isiyofutika?

Fundi, jicho lako limeona sawasawa. Baadhi ya ngoma za Kisaami ni duara la ubao uliopindwa na kuwambwa ngozi upande mmoja, sawa na tari lako, na nyingine ni kigogo cha msonobari kilichochongwa mfano wa bakuli. Ngozi ni ya kulungu wa kaskazini. Hulowekwa hadi nywele zilegee, hukwanguliwa ikabaki nyeupe, kisha huwambwa ingali mbichi na kufungwa nyuma kwa kamba, na ikikauka hujikaza yenyewe. Hali ya hewa ikiwa ya unyevu hulegea, na mpigaji huisogeza karibu na moto mpaka sauti irudi, jambo ambalo wewe hulifanya kila msimu wa mvua na huhitaji kuelezwa.

Rangi yake hutokana na gome la ndani la mti mmoja wa kandokando ya maji uitwao alda. Gome hilo hutafunwa, na mate yake hutoka mekundu kama damu iliyochujuka, nayo huingia ndani ya ngozi ikakaa kwa karne nyingi. Nyundo ya kupigia ni kipande cha pembe ya kulungu huyohuyo. Zamani juu ya ngozi kiliwekwa kipande kidogo cha mfupa au pete za shaba nyeupe au nyekundu, na ngoma ilipopigwa kitu hicho kilirukaruka juu ya michoro hadi kisimame, na pale kiliposimama, kwenye dubu, kwenye zizi au kwenye njia ya wafu, ndipo palipokuwa na jibu.

Angalia basi ni mara ngapi mnyama mmoja ameingia katika kifaa kimoja: ngozi yake, pembe yake, na sura yake iliyochorwa. Washamani wa leo hulisisitiza hili sana katika warsha za kutengeneza ngoma. Mwanafunzi hukalishwa na ngozi mbichi mikononi, akaisikia ubaridi na harufu yake, akaonyeshwa alama ya jeraha au ya wadudu waliomtoboa mnyama mgongoni alipokuwa hai, na huambiwa amshukuru kabla hajaanza kuwamba. Naipenda desturi hii, kwa kuwa humzuia mtu kuidhani ngoma kuwa kitu cha kununuliwa tu, na humkumbusha kwamba kuna mnyama wa kweli aliyekula malisho ya kweli.

Mfanyakazi wa mapokezi hotelini, pwani ya kaskazini: Mgeni mmoja kutoka Norwei, mama mtu mzima, aliniambia kwamba yeye hufuata ushamani na kwamba mnyama wake wa nguvu ni simba, ndiyo sababu alitaka kwenda Tsavo. Nilimjibu kwa heshima, lakini moyoni nilijiuliza: simba na theluji wapi na wapi?

Dada yangu, ulifanya vyema kumstahi mgeni, na swali lako ni zito kuliko linavyoonekana.

Njia aliyoifundisha Harner haifungamani na nchi wala kabila. Mtu hulala chali amefumba macho, mwingine hupiga ngoma kwa mapigo ya haraka yasiyobadilika, na aliyelala hujiona akishuka kupitia shimo la mti, pango au kisima hadi ulimwengu wa chini, na huko husubiri mnyama amjie. Anayejitokeza mara kwa mara ndiye huhesabiwa kuwa wake. Humpa nguvu, humshauri, humponya huzuni, na humfungulia jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua juu ya nafsi yake. Kwa kuwa safari ni ya ndani, mnyama aweza kutoka popote, awe simba, tai wa Marekani au nyangumi. Kyrre Gram Franck, mmoja wa walioanzisha chama cha washamani wa Norwei, anajulikana pia kwa jina la White Cougar, yaani puma mweupe, na puma hajapata kuishi mwitu katika nchi ile.

Hata hivyo, upepo umegeuka. Tangu mwaka 2010 kumekuwa na tamasha liitwalo Isogaisa huko Lavangen, katika jimbo la Troms, linalowakusanya washamani wa Kisaami na wageni wao kutoka nchi mbalimbali, na kadiri miaka inavyopita wengi wanataka ushamani wao uwe wa kaskazini kweli. Kwa hiyo utawasikia wakitaja zaidi kulungu, dubu, mbwamwitu, kunguru na tai, wanyama ambao mtu aweza kuona nyayo au kivuli chao akitoka nje ya hema. Wanaofanya hivyo hawasemi kwamba simba wa mgeni wako ni uongo. Husema kwamba mnyama wa mahali ulipo anaijua ardhi unayoikanyaga, na kwa hiyo ana mengi zaidi ya kukuambia.

Nami nitasema ninavyoona. Mnyama wa nguvu wa siku hizi, kama anavyofundishwa katika kozi za mwisho wa juma, mara nyingi huja na zawadi bila kudai chochote. Haugui, hakasiriki, hana malisho yanayoweza kuharibiwa. Ni rafiki mwema, na sina shaka amewasaidia watu waliokuwa na majonzi. Lakini yule wa kale alikuwa kiumbe mwenye haki zake, na mtu aliyeikosea haki hiyo alilipa. Pale ambapo ushamani wa leo unalikumbuka jambo hili, naona una uzito, na pale unapolisahau, mnyama hugeuka kioo cha mtu kujitazama.

Msichana wa kidato cha tatu, Shanzu: Shikamoo mhariri. Kati ya wanyama wote, yupi ni mkubwa zaidi kwao?

Marahaba, mwanangu. Kwa maisha ya kila siku ni kulungu. Kwa heshima na hofu, ni dubu.

Dubu alihesabiwa kuwa mwenye akili kama binadamu na mwenye kusikia kila linalosemwa juu yake, na kwa hiyo wawindaji hawakumtaja kwa jina lake, walitumia majina ya heshima kama ya babu. Kasisi Pehr Fjellström aliandika mwaka 1755 hadithi waliyomweleza Wasaami wa Uswidi. Msichana mmoja alichukiwa na kaka zake watatu, akakimbia nyikani, akajihifadhi katika pango la dubu. Dubu akamwoa, wakapata mtoto wa kiume. Dubu alipozeeka alisema ameishi vya kutosha, akakubali kuuawa na hao mashemeji zake, lakini kwanza akataka afungwe kipande cha shaba kwenye paji la uso ili mtoto wake apate kumtambua. Hadithi ile ndiyo iliyowafundisha watu namna ya kumfanyia dubu aliyeuawa.

Na waliyomfanyia yalikuwa makubwa. Wawindaji walirudi wakiimba. Wanawake hawakumtazama dubu kwa macho matupu, walimtazama kupitia pete ya shaba, na walikuwa wametafuna lile gome jekundu la alda nililomtajia fundi wa matari, wakawatemea wawindaji usoni, watu wote wakawa wekundu. Nyama ilipikwa na wanaume peke yao, na kwa siku tatu mwindaji hakumkaribia mkewe. Hakuna mfupa uliovunjwa. Ulipokwisha mlo, mifupa yote ilikusanywa na kuzikwa kwa mpangilio wake wa mwilini, fuvu mahali pa fuvu na kucha mahali pa kucha, ili dubu arudi akiwa mzima. Makaburi ya namna hiyo yamefukuliwa na wanaakiolojia Norwei na Uswidi, kwa hiyo si maneno ya kasisi peke yake.

Leo uwindaji wa dubu huko unasimamiwa na sheria, wala karamu ile haifanyiki tena. Katika ushamani wa sasa dubu anaitwa kama mponyaji na mlinzi, na usingizi wake wa miezi ya baridi hutumiwa kuwafundisha watu waliochoka umuhimu wa kujificha na kupumzika. Ni fundisho zuri, ingawa mimi nikilinganisha, navutwa zaidi na wale watu waliohangaika siku tatu ili wasimkosee adabu mnyama waliyemla.

Mwalimu wa madrasa, Majengo: Je, watu hawa wanaabudu wanyama? Na je, wanachinja kwa ajili ya mizimu? Tafadhali eleza wazi, kwani vijana wetu wanasoma mambo haya kwenye simu.

Ustadh, hapana, hata wa zamani hawakuwaabudu wanyama wenyewe. Walikuwa na miungu, kama Beaivi ambaye ni jua, na Leaibolmmái aliyekuwa mlinzi wa wanyama pori, na wanyama walikuwa wajumbe, wasaidizi au sadaka. Walichinja, ndiyo. Katika mahali palipoitwa sieidi, ambapo kwa kawaida ni jiwe la ajabu au mwamba wa kandokando ya ziwa, waliacha pembe na mifupa ya kulungu, na wavuvi walilipaka jiwe mafuta ya samaki. Jua lilitolewa wanyama weupe.

Washamani wa leo kwa kawaida hawachinji katika ibada. Humwaga kahawa kidogo, huacha chakula au tumbaku, na wapita njia wengine huacha sarafu kwenye mawe yale. Mwaka 2012 dola ya Norwei ilikitambua chama chao kuwa jumuiya ya kidini, chenye haki ya kufungisha ndoa na kuendesha mazishi, na kinapewa fedha za umma kama jumuiya nyingine za dini.

Uwaeleze vijana pia kwamba Wasaami wengi sana ni Wakristo wa Kilutheri, na kwamba uamsho mkali ulioanzishwa katika miaka ya 1840 na mchungaji Lars Levi Laestadius, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kisaami, bado una nguvu katika vijiji vingi. Kwa waumini hao ngoma ni jambo la kuepukwa, na wapo waliohuzunika na kukasirika kuona inapigwa tena. Kwa hiyo anayesema "Wasaami wote ni washamani" hawatendei haki. Kazi ya safu hii ni kueleza, na kila msomaji atapima kwa imani yake.

Mzee wa Rabai: Mwanangu mhariri, sisi Wamijikenda tulikuwa na kiapo cha fisi. Je, si jambo moja na hayo ya Wasaami?

Shikamoo mzee. Barua yako imenifanya nifikiri sana, na ninakushukuru.

Yanakutana mahali pamoja. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walipowakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo, makao yao matakatifu, kupinga amri za Mwingereza, wanaume walilishwa kiapo cha fisi na wanawake kiapo cha mukushekushe, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliilipua kaya kwa baruti. Aliyeichoma ngoma ya Lars Nilsson na aliyeilipua kaya waliogopa kitu kilekile: nguvu inayowafunga watu pamoja nje ya mamlaka yao. Na kama ngoma ya Poala-Ánde ilivyorudi, vigango vya wazee wetu, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, vilivyoibiwa na kuuzwa ng'ambo navyo baadhi yake vimerudishwa na majumba ya makumbusho ya Marekani.

Yanapoachana ni hapa. Fisi wa kiapo ni wa watu wote. Hakuna mtu awezaye kusema "fisi wangu". Anasimama upande wa haki, na humfuata aliyevunja kiapo hata akijificha. Kulungu dume wa noaidi alikuwa wa mtu mmoja, lakini aliitumikia jamii ya mtu huyo, maana noaidi aliitwa pale watu walipougua au mawindo yalipopotea. Mnyama wa nguvu wa leo ni wa mtu mmoja na aghalabu humtumikia huyohuyo mmoja. Sisemi kwamba hilo ni kosa lao. Watu wanaishi mjini, jamii imetawanyika, na mtu hutafuta msaada peke yake. Lakini ukiniuliza, mzee, ni yupi kati ya hao watatu angemwelewa mwenzake bila mkalimani, nitasema ni fisi wako na dume la noaidi.

Fundi mitambo kijana, Changamwe: Kaka yangu anasema roho za wanyama ni starehe ya watu walioshiba. Wafugaji wenyewe wa hao kulungu wanasemaje?

Kaka yako amegusa penyewe. Wako wafugaji wasiotaka kusikia habari za ushamani, ama kwa sababu ya dini yao, ama kwa sababu wamechoka kuwaona wageni wakilipa fedha ili wakutane na kulungu wa ndotoni huku kulungu wa malishoni akikosa pa kulala.

Nikueleze ujuzi wao ulivyo. Majira ya joto kundi huingizwa katika zizi kubwa, na ndama wapya huvalishwa namba shingoni kisha huachiliwa. Wafugaji hukaa kimya wakitazama. Majike hukoroma, ndama hulia, na kila mmoja humtafuta mama yake. Namba saba akisimama chini ya jike fulani, mtazamaji huandika, kwa kuwa sikio la jike limekatwa alama ya mwenyewe, na ndama atapata alama hiyohiyo. Kisha ndama hunaswa kwa kamba, hushikwa kati ya magoti, na kwa kisu kidogo masikio yake hukatwa vipande vidogo kwa mfano usiofanana na wa mtu mwingine. Hata mtoto mchanga aweza kuwa na alama yake. Mtu aliyekua hivyo haoni mnyama kama fumbo la nafsi yake. Anamwona jirani anayemjua tangu kuzaliwa.

Na jirani huyo yumo taabuni. Mvua inayonyesha katikati ya kipupwe huganda juu ya theluji, na kulungu hushindwa kuivunja barafu ili apate kuvumwani (lichen) ya ardhini ambayo ndiyo chakula chake cha msimu ule. Ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 iliingiza sumu ya mionzi katika chakula hichohicho, nyama nyingi ikatupwa. Mabwawa, migodi na barabara hukata njia za kuhama. Huko Fosen, katikati ya Norwei, ilijengwa mitambo 151 ya umeme wa upepo juu ya malisho ya kipupwe, na tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba vibali vyake vilivunja haki ya wafugaji kufuata utamaduni wao, haki inayolindwa na kifungu cha 27 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Msanii wa Kisaami Máret Ánne Sara alikuwa amekwisha kutundika pazia la mafuvu 400 ya kulungu mbele ya bunge mjini Oslo, Desemba 2017, wakati ndugu yake alipokuwa akipinga mahakamani amri ya serikali ya kupunguza kundi lake. Kila fuvu lilikuwa na tundu la risasi. Sijui mahubiri yaliyosema zaidi juu ya mnyama.

Hapo ndipo ninapowapima washamani, na si wote wanaoanguka. Wapo wanaofundisha wazi kwamba mtu hawezi kumwita kulungu kwa ngoma na kunyamaza malisho yake yanapochimbwa, na hupeleka ngoma zao kwenye maandamano ya kutetea ardhi na mito. Kwao kumheshimu mnyama wa rohoni na kumtetea wa malishoni ni ibada moja, nami naona hao ndio walioirudia dini ya mababu kwa undani wake kuliko yeyote anayehesabu michoro ya ngoma.

Mwambie kaka yako, basi, kwamba kwa baadhi ya watu kweli ni starehe, lakini asiwachanganye na hawa. Na kwa kuwa wewe ni fundi mitambo, labda utapenda kujua kwamba mitambo ya Fosen haikung'olewa. Februari 2023, siku 500 baada ya hukumu, vijana wa Kisaami waliketi ndani ya wizara ya nishati hadi polisi wakawabeba kuwatoa. Makubaliano na jamii mbili za wafugaji yalifikiwa Desemba 2023 na Machi 2024, na miongoni mwa yaliyomo ni fidia na ahadi ya malisho mengine ya kipupwe.